Mjusi Aliyetoka Kisauni

Mpwa wangu alishuka kwenye basi la Mombasa akiwa na begi la shule mgongoni na kopo la siagi mkononi. Kopo lenyewe alilishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa moto. Ilikuwa Julai 2025, alfajiri, Nairobi bado ina ukungu. Jirani aliyesafiri naye alinikabidhi mtoto, cheti chake cha kuzaliwa na bahasha ya ripoti za shule, kisha akaniambia, "Hilo kopo usijaribu kumnyang'anya. Mimi nimejaribu toka Mtito Andei."

Mtoto akanitazama. "Shikamoo, Anko."

"Marahaba," nikajibu. Kwetu Kericho hilo neno tunalitamka mara chache sana, kwa hivyo nilijisikia kama mzee wa mtaa.

Ana miaka minane. Amezaliwa na kulelewa Kisauni, na hakuwa amewahi kukanyaga Litein. Mama yake ni dada yangu mkubwa. Alishuka Pwani kufanya kazi hotelini, akapata mtoto, naye baba wa mtoto akapata shughuli nyingine. Mwezi wa Juni dada alisaini mkataba wa miaka miwili wa kazi ya nyumbani huko Riyadh. Mtoto aliambiwa kwamba mama ameenda Nairobi kikazi na atakuja kumchukua. Uongo huo dada aliutunga usiku, kwenye simu, akilia. Mimi na mama yetu tuliupokea bila kubisha kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu bora cha kusema.

Nikiikumbuka asubuhi ile, kuna jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa makini. Tulikaa stejini karibu saa mbili tukisubiri matatu ijae. Tukanywa chai, tukala mandazi. Mtoto aliyeambiwa mama yake yuko Nairobi hakuuliza hata mara moja kama tunaweza kupita kumwona.

Tulipovuka Nakuru na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit, baridi iliingia kwenye matatu kama abiria asiyelipa nauli. Mpwa wangu akavua sweta. Nikadhani ana homa, kumbe alitaka kulifunika kopo.

"Umebeba nini humo?"

"Makanga."

"Makanga gani?"

"Wangu. Anaitwa Makanga kwa sababu ananing'inia."

Akainua sweta kidogo. Kifuniko kilikuwa kimetobolewa kwa bikari, na kwenye tundu moja lililokuwa kubwa kuliko mengine niliona jicho. Halikupepesa. Baadaye nilisoma kwamba mijusi wa aina hii hawana kope za kufumba na kufumbua, ndiyo maana husafisha macho yao kwa ulimi. Siku hiyo nilichoona ni jicho jeusi linalonikagua toka Salgaa mpaka Kericho mjini.

Alikuwa mjusi kafiri. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa: ni wale wa kijivujivu wanaokaa ukutani karibu na taa usiku, wakivizia wadudu. Wanasayansi wanamwita Hemidactylus mabouia, jina alilopewa mwaka 1818 kutokana na mijusi waliopatikana visiwa vya Karibi. Alikuwa ameshafika kule, na leo yuko Brazil na Florida pia. Ni msafiri wa kujificha. Huingia kwenye mizigo, hupanda meli, hutaga mayai yake mawili mahali ambapo hakuna atakayeangalia. Kwa ukoo wa namna hiyo, kutoka Kisauni hadi Litein si safari ya kusimulia.

Shida ni baridi. Kwetu ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingine ya mawe, na asubuhi za Julai unaona pumzi yako mwenyewe. Mchai unapenda hivyo. Mjusi naye hana jiko ndani ya mwili wake. Joto analiazima nje, na usiku wa Julai huku kwetu hakuna wa kumkopesha.

*

Kosa la kwanza nililifanya dakika kumi baada ya kufika. Mama alikuwa ametoka shambani, bado amevaa aproni ya plastiki ya kuchumia majani. Tulikuwa sebuleni. Nikasema, haya, tumwone mgeni. Mpwa wangu akasema, "Bado, Anko." Nikafungua kopo.

Makanga alitoka kama risasi. Alipanda mkono wangu, akarukia meza, akaelekea ukingoni. Nikamfunika kwa kiganja, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Nikasikia kitu kikikatika chini ya mkono, kwa ulaini, kama ganda la mharagwe mbichi. Mjusi akawa upande huu, mkia upande ule. Mkia ukabaki unacheza peke yake juu ya kitambaa cha meza.

"Uuwi," mama akasema.

Mtoto hakusema kitu. Alimwokota Makanga, akamrudisha kwenye kopo, akaingia chumbani. Hakuongea nami kwa siku mbili.

Kwamba mkia wa mjusi hukatika nilikuwa najua. Gharama yake sikuwa naijua. Mkia ni ghala, ndimo anamoweka mafuta. Mjusi anayeuacha ameokoa roho lakini amepoteza akiba, na akiba hiyo ndiyo angeitegemea siku za kwanza ugenini, kabla hajaanza kula. Utaota mwingine, lakini hautakuwa na mifupa kama ule wa kwanza. Utakuwa na gegedu, na kwa kawaida rangi yake haifanani na ya mwili. Kwa kifupi, nilikuwa nimemkaribisha mgeni kwa kumwibia pesa za matumizi.

Usiku huo nilikaa na simu mpaka saa nane nikisoma namna ya kumsaidia mjusi kuzoea makao mapya. Kurasa nyingi zimeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, na karibu zote zinahusu mjusi mwenye madoa kama ya chui, ambaye asili yake ni nchi kama Pakistan na Afghanistan, na ambaye sasa anafugwa vyumbani duniani kote. Wanasema ununue mkeka wa umeme wa kupasha joto, kidhibiti cha nyuzi, kipimajoto cha kila upande, na mchanganyiko wa vitamini wa kunyunyizia chakula. Nilihesabu nilicho nacho: umeme wa tokeni unaoweza kupotea mvua ikianza, chupa za plastiki, na mama asiyetaka mjusi ndani ya nyumba.

Nikasoma pia mambo ya sheria, maana ukishaanza kutafuta vitu usiku husimami. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Miezi miwili kabla ya hapo, vijana wawili wa Ubelgiji walikuwa wametozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi, malkia kwa malkia, kwenye vijibomba. Nikawaza kichwa cha habari: Mwanamume wa Litein anaswa na mjusi mmoja asiye na mkia. Ukweli ni kwamba mjusi wa ukutani hafugwi na mtu, anaishi tu na watu. Lakini huyu nilikuwa nimemleta mahali ambapo ukuta wenyewe ungemuua, kwa hivyo nikaamua kwamba mpaka baridi ipungue atakuwa mgonjwa wangu.

Asubuhi nikatengeneza nyumba. Nilichukua lile sanduku la plastiki linalopitisha mwanga ambalo mama huwekea mablanketi. Sakafuni nikatandaza gazeti. Nikaweka magamba ya mkaratusi ya kupanda, kipande cha trei ya mayai upande huu na kingine upande ule, ili awe na pa kujificha penye joto na pa kujificha pasipo na joto, achague mwenyewe. Juu nikafunga kipande cha chandarua kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Joto lilikuwa chupa ya maji moto iliyovalishwa soksi, nikiibadilisha kila saa tatu, usiku pia. Maji ya kunywa nilinyunyizia ukutani mwa sanduku, kwa sababu anapenda kulamba matone. Chakula kilikuwa nondo na nzi niliowakamata kwenye taa ya nje. Wadudu wa shambani niliwaacha, kwa kuogopa dawa.

Mpwa wangu alinitazama nikifanya haya yote, amekaa kitandani amejifunga blanketi. Nilipomaliza alisogea, akafungua kopo lake ndani ya sanduku, akaliacha hapo likiwa limelala ubavu. "Atoke akitaka," akasema. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza toka mkia ukatike.

*

Makanga hakula siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya tano nondo walikuwa bado wamekaa kwenye gazeti, wengine wamekufa kwa uzee. Kila nilipoamka kubadilisha chupa nilimulika kwa tochi ya simu. Nilihamisha trei. Nilimsukumia nzi kwa kijiti mpaka puani. Nilimgusa tumbo kuona kama limeingia ndani. Kurasa zote nilizosoma zilikubaliana kwa jambo moja, nami ndilo nililoliruka kwa sababu halikuhitaji kununua wala kutengeneza chochote: wiki ya kwanza na ya pili, muache. Usimshike, usimfuatefuate. Mgeni akiona jicho juu yake kila saa, anaelewa kwamba kuna kitu kinataka kumla.

Wakati huohuo tulikuwa tukimfanyia mtoto vivyo hivyo.

Majirani walipita kumwona. "Chamgei!" wakamwambia, naye akajibu, "Salama," wakacheka, wakamwomba aseme tena. Shuleni alikuwa mtoto wa tatu kwenye dawati la wawili, katikati ya muhula, na wenzake walimwita Mombasa. Mimi kila jioni nilimuuliza: Umekula? Shule ilikuwaje? Unafurahi? Dada alipopiga simu Ijumaa usiku, nilimpa simu mtoto, akaishika kidogo sikioni, akasema "ndiyo," "ndiyo," "sawa," akanirudishia. Dada aliniuliza, "Anakula?" Nikamwambia anakula vizuri. Alikuwa anakula ugali nusu kipande na kusukuma mboga pembeni.

Mama pekee ndiye hakumuuliza kitu. Alimwamsha asubuhi, akampa maziwa, akamwonyesha mahali pa mabuti. Jumamosi alimpa kikapu kidogo, wakaingia kwenye majani pamoja. Tuna karibu nusu ekari. Mama alimfundisha kuchuma majani mawili na kichipukizi, mengine aache, na hakumwambia zaidi ya hapo. Alasiri tulibeba kwenda kituoni kupima. Mtoto alikuwa amechuma kilo moja na kidogo.

Njiani aliuliza kwa nini huku kila mahali ni chai na mikaratusi. Nikamwambia yote ni wageni. Chai ya kwanza nchini ilipandwa Limuru mwaka 1903. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza miaka ya 1920. Mikaratusi ilitoka Australia, na kuni zake ndizo zinazowasha viwanda vya chai.

Akafikiri. "Ilichukua muda gani kuzoea?"

Nilitaka kumjibu kwa tarehe nyingine. Mama akanitangulia. "Mche unakaa kwa kivuli kwanza, miezi mingi. Halafu unafungua kivuli pole pole. Ukishaupanda, usiwe unavuta kuangalia kama umeshika mizizi. Ukivuta, haushiki."

Alikuwa anaongea na mtoto, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Usiku huo nililala bila kumulika sanduku. Nilibadilisha chupa gizani, kwa kupapasa. Siku ya tisa asubuhi nilihesabu nondo: nilikuwa nimeweka wanne, walikuwa wawili. Mpwa wangu alihesabu mara tatu. Kisha akala mayai mawili na chapati, akachelewa shule.

*

Kosa la pili lilitokea usiku wa Jumamosi iliyofuata. Mvua kubwa ilinyesha, umeme ukapotea, simu ikaonyesha nyuzi kumi na moja. Nilibadilisha chupa saa tisa nikiwa na usingizi mzito, na nadhani mpira sikuufunga sawasawa. Jumapili asubuhi chandarua kilikuwa kimelegea kona moja, na Makanga hayuko. Nilitafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya viatu. Hayuko.

Mpwa wangu alikuwa bado amelala. Nikamtazama. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kula na kuongea, na nilikuwa nimemsikia juzi akimsimulia mama jikoni kwa nini mjusi wa aina hii anaitwa kafiri: kwamba watoto wa madrasa walimwambia mjusi alipuliza moto ili uzidi kuwaka, siku Nabii Ibrahimu alipotupwa ndani yake, na ndiyo maana watu humpiga mawe. "Lakini, Kogo," akamalizia, akitumia jina la bibi ambalo hatukuwa tumemlazimisha, "Makanga hakuwepo siku hiyo."

Kwa hivyo nilifanya kile ambacho familia yetu ilikuwa imeshakifanyia mazoezi. Nilifunga chandarua vizuri. Nikapanga magamba ya mkaratusi yazibe mdomo wa kopo. Alipoamka nikamwambia Makanga amelala ndani, anajificha kwa sababu ya mvua, tusimsumbue.

"Sawa," akasema.

Jumatatu nikatupa nondo wawili nje ili hesabu iende. Jumanne vilevile. Ona uongo unavyotaka kulishwa: nilikuwa naamka usiku kubadilisha chupa ya maji moto kwa sanduku tupu.

Jumatano jioni alikuwa anafanya hesabu za shule kwenye kitanda chake. Bila kuinua kichwa akasema, "Anko, hayuko."

"Nani?"

"Makanga. Hayuko toka Jumapili."

Nikakaa. "Ulijuaje?"

"Hakuna mavi."

Nilikuwa nimefikiria nondo, nimefikiria magamba. Hilo sikulifikiria. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani wewe hujui," akasema. "Sikutaka uhuzunike."

Sikupata la kusema. Akaendelea kuandika, akafuta, akaandika tena. Kisha, kwa sauti ileile ya kutaja jibu la hesabu, akasema, "Na mama hayuko Nairobi."

Mvua ilikuwa imeanza tena kwenye mabati, ile ya kukufanya uongee kwa nguvu au unyamaze. Nikasubiri ipungue. Nikamuuliza nani alimwambia.

"Niliona pasipoti chini ya godoro. Nairobi hawaendi na pasipoti."

Alikuwa anajua toka kabla hajapanda basi. Alikaa na mimi stejini Nairobi saa mbili, anakula mandazi, anajua. Alishika simu kila Ijumaa akasema ndiyo, ndiyo, sawa, kwa mtu aliyekuwa akimdanganya kwa mapenzi, naye akimrudishia mapenzi hayo kwa namna moja tu aliyoijua: kunyamaza. Sisi watu wazima tulidhani tunamkinga. Yeye ndiye alikuwa ametukinga wote watatu.

Nikamwambia ukweli. Riyadh, miaka miwili, nyumba ya watu wenye watoto wanne, pesa ya shule na ya nyumba ambayo dada anataka kujenga. Nikamwonyesha kwenye ramani ya simu. Akapima kwa kidole toka Kisauni mpaka Riyadh, kisha toka Litein. "Ni mbali sawasawa," akasema, na sijui kama ilimsaidia, lakini alilala bila taa.

*

Asubuhi nilimweleza mama kila kitu: kwamba mtoto anajua kuhusu dada, na kwamba mjusi amepotea. Alikuwa anachochea moto. Jiko letu ni la kando, la mbao, mafiga matatu na moto ambao nadhani haujawahi kuzima kabisa toka nizaliwe. Juu ya moto kuna dari la fito ambapo mahindi ya mbegu hukaa kwenye moshi, na pembeni zinaning'inia vibuyu vya mursik.

Kuhusu dada alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hata mimi nilichoka kukumbuka kile tulisema." Kuhusu mjusi akasema, "Huyo hajapotea. Ako hapa toka Jumapili."

"Hapa wapi?"

Akanionyesha kifuniko cha ndoo ya unga. Kulikuwa na vipande vitatu vidogo, vyeusi, kila kimoja na ncha nyeupe. "Kila asubuhi nafuta. Mnaniletea wageni, halafu mnauliza wako wapi."

"Na hukusema?"

"Hakuna mtu aliniuliza. Nyinyi mlikuwa mnachunga sanduku."

Tulimwita mtoto. Tulisimama watatu vichwa juu, moshi machoni. Ilichukua dakika kadhaa. Kisha akanyoosha kidole: juu kabisa, pale nguzo inapokutana na fito, ubavuni mwa gunzi la hindi, kichwa chini, bila mkia, Makanga ananing'inia.

Nilikuwa nimehesabu saa na nyuzi na chupa kwa wiki mbili. Mjusi mwenyewe alivuka ua wa nyumba usiku wa mvua, au alibebwa ndani ya kuni au blanketi, sijui, akafika mahali ambapo pana joto usiku na mchana, pana nondo wa mahindi, pana nyufa za kujificha, na mwenye nyumba hana haja naye. Ukiondoa umeme, ni kila kitu ambacho zile kurasa zilisema nimnunulie. Nikaona pia kitu kingine ambacho kilikuwa mbele yangu toka mwanzo: mpwa wangu alikuwa na chumba, kitanda kipya na meza, lakini kazi za shule alikuwa anapenda kufanyia huku, kwenye kigoda, mgongo kwa moto, bibi yake akipika na kunyamaza.

Ijumaa dada alipopiga, nilimpigia tena kwa video. Nilikuwa nimeshamwandikia kwamba mtoto anajua. Alipotokea alikuwa amevimba macho, amejifunga mtandio, nyuma yake kuna ukuta mweupe mtupu. Aliita jina la mtoto mara mbili, halafu hakuweza kuendelea.

Mtoto akachukua simu. Hakulia. Akaielekeza juu, kwenye dari.

"Mama, unamwona?"

"Naona giza tu."

"Ngoja." Akapanda kigoda. "Pale. Anko alimkata mkia."

"Kwa bahati mbaya," nikasema kutoka nyuma.

"Kwa bahati mbaya. Lakini unaota. Anko anasema hautafanana na ule wa kwanza."

"Na anakula?" dada akauliza. Sauti yake ilikuwa imetulia kidogo.

"Anakula. Alikaa siku nane hajala, kwa sababu tulikuwa tunamwangalia sana." Akafikiri. "Na wewe huko unakula?"

Nilitoka nje. Mama alikuwa ameshatoka, amesimama chini ya mkaratusi akijifanya anaangalia kama mvua inakuja. Tulisimama pamoja tukisikiliza sauti mbili jikoni, moja ikitoka kwenye simu, zikiongea kwa Kiswahili kile cha Kisauni ambacho huku kwetu watu hukicheka. Waliongea dakika arobaini.

Sasa ni Oktoba. Mkia umeota nusu, mweusi zaidi na mnene kidogo, kama umeazimwa. Lile sanduku mama analitumia kwa vifaranga. Mpwa wangu bado husahau sweta na bado anaitwa Mombasa, ila sasa huitika. Na kila jioni giza likiingia, kabla ya kufungua daftari, huniambia niwashe taa ya jikoni na niache mlango wazi kidogo, ili nondo waingie.